Fundi Aliyewachora Waliotutoka

Mara ya kwanza kumwona Fundi, alikuwa anakufa kwa kipindupindu katikati ya uwanja wa shule ya msingi kule Ukata. Alikuwa amelala chali juu ya mkeka, macho yamezama, midomo imekauka, mkono mmoja ukipapasa hewani kutafuta kikombe ambacho hakikuwepo. Mimi ndiye niliyemwita. Nilikuwa bwana afya mgeni, nimetoka Kondoa, sijamaliza hata miezi mitatu tangu nipangiwe Mbinga, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Mwenzangu mmoja ofisini alinionea huruma. Aliniambia nikienda na hotuba yangu watu watasinzia. Bora nimtafute yule fundi wa rangi wa nyuma ya soko, ambaye pia anaigiza. Nikamtafuta, tukapatana kwamba ataigiza mgonjwa kwa dakika kumi, halafu mimi nitasema.

Sikupata nafasi ya kusema. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa mbele aliinuka, akavuka uwanja na chupa yake ya maji, akapiga magoti pale mkekani, akamwinua Fundi kichwa na kuanza kumnywesha.

"Mnamtazama tu?" alitufokea. "Na wewe bwana afya umesimama na makaratasi, mtu anakufa hapa!"

Watu waliangua kicheko, lakini yeye hakucheka, na Fundi hakuvunja mchezo. Alikunywa polepole, uhai ukimrudia usoni kidogo kidogo, mpaka akaweza kukaa. Akamshika yule mama mikono yote miwili.

"Mama, umeniponya. Maji haya uliyachemsha?"

Yule mama aliitazama chupa yake. "Sikuyachemsha, mwanangu."

"Basi umeniua tena," alisema Fundi, akaanguka chali.

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, na sijaona somo la afya lililoeleweka upesi namna hiyo. Tulipokuwa tunarudi mjini nilimwuliza kama kweli aliyameza yale maji.

"Niliyameza. Mgonjwa angeyameza."

Tumbo lilimsumbua siku mbili.

Nilikaa Mbinga miaka tisa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tulikuwa majirani. Jina lake la kwenye kitambulisho nalijua, ila silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakulipenda. Alisema hilo ni la yule mtu wa kwenye picha ya kitambulisho, wala wao wawili hawajuani vizuri. Mjini wote walimwita Fundi. Hata mkewe, ambaye sisi tulimwita Mama Fundi, alimwita hivyohivyo. Walikuwa na chumba na sebule nyuma ya karakana ya seremala, na ukiingia kwao ulipokewa kwanza na harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganyika na maranda, ndipo ukakaribishwa na watu.

Kazi zake ulizikuta kila upande wa mji. Ng'ombe wa kwenye ukuta wa bucha alikuwa na macho ya huruma kiasi kwamba mwenye bucha alimwomba ayafumbe, naye akakataa. Vile vichwa vitatu vya kwa kinyozi, ambavyo kwa mafundi wengine huwa vya watu wasiokuwepo duniani, kwake vilikuwa vya watu tuliowafahamu: kondakta wa gari la Songea, mwalimu mmoja wa hesabu, na mkata tiketi wa stendi ambaye alikasirika kwa wiki nzima, kisha akaanza kwenda kunyolewa palepale, chini ya kichwa chake.

Watu wengi waliomwona jukwaani walidhani ni mtu mchangamfu. Hakuwa. Uwanjani sauti yake ilifika barabarani. Nyumbani aliongea akitazama kifungo cha shati, na akiwa mbele ya watu asiowazoea alishikwa na kigugumizi. Nakumbuka alipotakiwa kwenda kwenye ofisi moja kuomba kibali cha kuweka bango lake karibu na barabara. Kwa majuma matatu hakwenda. Siku moja nikamwona anapita amechomekea, miwani ya mkewe usoni, mikono nyuma, hatua ndefu za mtu aliyezoea kupishwa.

"Fundi, unaenda wapi?"

"Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu," alinijibu, sauti nzito, hata hakusimama.

Baadaye tulisikia yaliyotokea. Alipewa kiti, akaulizwa habari za shule, akawapa na mawaidha kidogo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka karani alipofungua daftari na kusema, "Jina lako, mwalimu?" Hapo mwalimu mkuu akatoweka, akabaki Fundi amekaa kwenye kiti kikubwa, kigugumizi kimemkaba, anashindwa kulitoa jina lake mwenyewe. Mama Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. Kibali alienda kukichukua yeye.

Mama Fundi ndiye aliyemsemea popote pale ambapo hapakuwa na jukwaa. Alikuwa mama mfupi mnene, mwimbaji wa kwaya, mwenye shamba la kahawa la urithi milimani ambalo alilihudumia yeye peke yake, kwani mumewe akipewa jembe alianza kuwatazama wanaolima badala ya kulima. Kila picha ilipokamilika aliletewa aikague. Alifuta mikono kwenye kanga, akasogea, akarudi nyuma, akatoa hukumu. "Huyu pua umemnyang'anya." "Huyu umempendelea." Fundi hakubishana. Alichukua brashi na kurekebisha.

Padri mmoja aliwahi kumwomba achore Mtakatifu Yosefu kwenye ukuta wa kigango. Fundi alikubali, lakini kwanza alipanda kwenda Ukata, akakaa siku nne kwenye karakana ya seremala mmoja wa huko, akimtazama anavyopiga randa na anavyojinyoosha mgongo. Alivyoona imetosha akarudi na kuchora. Padri alikuja kuitazama ile kazi.

"Fundi, huyu ni seremala wa Ukata."

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuomba Mtakatifu Yosefu."

"Baba, huyo sijawahi kumwona akitembea. Huyu nimemwona."

Picha ilibaki. Waumini walizoea, na nasikia yule seremala tangu siku hizo aliacha pombe, kwa aibu ya kupita mbele ya kigango akiwa anayumba.

"Akitembea" lilikuwa neno lake kubwa. Aliamini kwamba uso wa mtu unaanzia miguuni. Ukitaka kujua macho ya mtu yakoje, alisema, tazama anavyokanyaga, macho yanafuata. Nilidhani ni maneno ya wasanii mpaka siku niliyomwona anafanya kazi yake nyingine, ile iliyomfanya ajulikane mpaka vijiji ambavyo gari halifiki.

Familia zilimwita kumchora marehemu. Wakati huo simu za picha zilikuwa zimeenea, ila wazee wengi waliondoka bila kuacha picha, au waliacha ile moja ya kitambulisho, ambayo humwonyesha mtu kama mshukiwa. Watu walitaka kitu cha kuweka sebuleni. Fundi hakuwauliza marehemu alikuwa na rangi gani wala pua ya namna gani. Aliwaomba wamwambie alivyokuwa anaingia ndani. Wakianza kueleza, yeye anainuka, anatoka nje, anaingia. "Hapana, alikuwa anainama zaidi." Anatoka tena, anaingia akiwa ameinama. "Alikuwa anakohoa kwanza." Anakohoa. "Si hivyo, ni kikohozi cha kutuarifu tu kwamba yuko mlangoni." Inaweza kwenda hivyo saa nzima, anakaa anavyokaa marehemu, anaomba maji kama marehemu, anakataa mboga, mpaka ghafla mtu mmoja, mara nyingi mtoto au mkwe, anajiziba mdomo na kusema, "Ndiye." Hapo Fundi anasimama, anaaga, anarudi nyumbani na kuchora bila kuongea na mtu. Na picha ikirudi, pua ni yenyewe. Sijui alifanyaje. Nimeishi na fani ya sayansi maisha yangu yote na hilo sina maelezo yake.

Mara moja nilikuwepo ilipokwenda vibaya. Ilikuwa kijiji cha Ruanda, hukohuko Mbinga, nyumbani kwa mkulima mmoja aliyefariki baada ya kuanguka shambani. Nilikuwa na kazi ya ukaguzi wa visima huko, nikampakia Fundi kwenye pikipiki ya ofisi. Tulikuta ndugu watatu wa marehemu, watoto wake wakubwa, majirani, na mjane amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Ndugu walieleza mtu wa furaha: anaingia anacheka, anapiga watu mabegani, anauliza chakula kwa sauti kubwa. Fundi aliingia anacheka, akapiga watu mabegani. Ndugu wakafurahi. "Ndiye! Ndiye kabisa!" Mmoja alilia.

Fundi hakuaga. Alimtazama mjane.

"Mama, ndiye?"

"Huyo ni wa kilabuni," alisema. "Huku ndani alikuwa haingii hivyo."

Kaka mkubwa akasema kwa ukali kidogo, "Shemeji, hili si la kusema leo." Fundi akawa kama hakusikia. Alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake, na sisi tuliokuwa ndani tukasikia hatua zake zikikaribia, taratibu, nzito, zikasimama mlangoni. Hazikuingia. Zilisimama tu pale, muda mrefu. Nilimwona mjane anavuta miguu yake, anaikunja chini ya kanga, na watoto wakubwa wenye familia zao wakatazama sakafu wote kwa pamoja. Mlango ulipofunguliwa aliyeingia ni Fundi, macho kwenye kifungo cha shati, akiomba radhi.

Alichora picha mbili. Kubwa, ya mtu anayecheka, walipewa ndugu na waliitundika sebuleni. Ndogo, ukubwa wa daftari, alimpelekea mjane mwenyewe, siku nyingine. Nilimwuliza Fundi mjane alisemaje.

"Aliitazama, akaniambia, 'Kumbe sikuota.' Akaenda kuifungia sandukuni." Fundi alifikiri kidogo. "Bwana Afya, nadhani hiyo ndiyo picha pekee niliyowahi kuichora iliyofanya kazi."

Kwa hiyo unaweza kuelewa jinsi tulivyoingoja picha Mama Fundi alipofariki.

Aliugua siku nne tu. Alishuka kutoka shambani analalamika kichwa, tukamfikisha hospitali, na siku ya nne asubuhi akawa hayupo. Msiba ulijaa, kwaya iliimba vizuri kuliko siku zote. Baada ya arobaini watu walianza kuulizana kwa chinichini kama Fundi ameshaanza picha. Hakukuwa na haja ya kuelezwa chochote, tulisema. Mwanamke aliyeishi naye miaka zaidi ya thelathini atatoka mzimamzima.

Nilimkuta alasiri moja uani. Vipande vitatu vya plaiwudi vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vimepakwa rangi ya chini na kuachwa hivyo. Yeye alikuwa anatembea kutoka mlangoni kwenda jikoni. Alifika katikati, akasimama, akarudi. Akaanza tena. Nilikuwa nimemwona akiwa mgonjwa, mwalimu mkuu, mlevi, mchumba, mbwa mara moja. Sijawahi kumwona akitembea kama mtu asiyejua aweke wapi miguu.

"Bwana Afya," aliniambia bila kugeuka. "Alikuwa anatembeaje?"

Nilimweleza nilichokumbuka. Kwamba akibeba ndoo aliegemea kushoto. Kwamba alikuwa na kawaida ya kusimama kabla ya kizingiti, kama anahesabu kitu, ndipo aingie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe umeyaona hayo," alisema. "Mimi miaka yote hiyo nilikuwa namtazama nani?"

Nilijaribu kumfariji. Nilisema ni uchungu tu, utapungua. Habari ilienea, na Jumapili moja wanakwaya wakaja, akina mama tisa, wakapanga viti uani na mmoja mmoja akainuka kumwonyesha. Huyu alionyesha alivyochambua maharage. Yule alionyesha alivyoshika kitabu cha nyimbo mbali na macho kwa kutopenda kuvaa miwani. Mmoja alimwigiza anavyocheka akishika ubavu, na sote tukajiziba midomo. Sote isipokuwa Fundi. Alimtazama kila mmoja kwa makini, akawashukuru kwa majina yao.

"Mmenionyesha Mama Fundi wenu," alisema. "Ahsanteni sana. Wangu mimi sikumweka."

Hakuchora. Aliosha brashi zote, akazifunga kwa gazeti, akampa seremala pamoja na makopo ya rangi yaliyobaki. Miezi michache baadaye binti yake, aliyeolewa kwa Wanyasa kule Ngumbo, kando ya ziwa, alipanda kuja kumchukua. Nilimsaidia kubeba mizigo mpaka stendi. Mwaka uleule na mimi nikahamishwa, nikapelekwa karibu na nyumbani, nikaoa, nikawa na shughuli zangu. Tuliongea kwa simu sikukuu mbili tatu. Halafu binti akanipigia kunieleza kwamba baba kapata kiharusi, mkono wa kulia umekufa, maneno yanatoka kwa shida. Nilisema nitakuja. Sikwenda.

Nilikwenda mwaka jana tu, na kilichonipeleka si wema. Nilikuwa nimetumwa Mbinga kikazi kwa wiki moja, na siku ya mapumziko ilinikuta sina pa kwenda, nikapanda gari la kushuka ziwani kwa njia ya Ruanda. Ngumbo nilifika mchana. Nilimkuta Fundi amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya binti yake, karibu na vichanja vya dagaa, amelipa ziwa mgongo.

"Shikamoo, Fundi."

Alinitazama miguu kwanza. "Marahaba, Bwana Afya," alisema, polepole, upande mmoja wa mdomo. "Umenenepa. Unakanyaga kama mtu mwenye nyumba."

Binti alituletea ugali wa muhogo na samaki, akarudi kwenye dagaa wake. Nilimwuliza mzee kwa nini hatazami maji, mahali pazuri namna ile. Alisema yeye ni mtu wa milimani, na ziwa halina adabu, linamkodolea mtu macho siku nzima bila kusema shida yake. Tulicheka. Kwa upande wa maneno alikuwa anahangaika, kila sentensi anaipanda kama kilima, lakini kigugumizi chake cha zamani kilikuwa kimeondoka. Nilipomwambia hivyo alisema kimeona aibu, kimemwachia nafasi mwenzake.

Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia mama yangu amefariki, mwezi wa tano sasa. Sikuwa nimepanga kumwambia. Alinyoosha mkono wa kushoto, nikampa simu, akaitazama picha niliyoiweka pale mbele: mama kwenye harusi ya mdogo wangu, amesimama wima na mtandio mpya.

"Hapa anamwogopa mpiga picha," alisema, akanirudishia. "Simama."

"Mzee?"

"Mkono umekufa, macho hayajafa. Simama, mlete."

Nilitazama huku na huku. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina miaka arobaini na saba, na pale pembeni walikuwepo wanawake wanne wanageuza dagaa. Nilimwambia siwezi, si kipaji changu.

"Anaingia nyumbani anatoka wapi?"

"Sokoni," nilisema. "Anatoka sokoni."

"Basi nenda kule kwenye mtumbwi. Uje unatoka sokoni."

Nilienda mpaka kwenye mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Nikasimama pale najiona mjinga. Kisha nikakumbuka kapu lake, nikaliweka kichwani ingawa halikuwepo, na kapu likaninyoosha shingo. Nikaanza kutembea. Hatua za mwanzo zilikuwa zangu. Baada ya hapo nikakumbuka kwamba siku zote alikuwa ameacha kitu jikoni, kunde au maziwa, na kwamba kila aliporudi alikuwa na haraka ya kuwahi kisiungue, lakini haraka ya mtu asiyetaka majirani waione. Magoti yakajua yenyewe la kufanya. Bega la kulia likashuka. Wanawake wa dagaa waliacha kugeuza.

Nilipofika hatua tano kutoka kwenye kiti, Fundi alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alijishika kwa mkono wa kushoto, akajiinua mpaka akasimama, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Na mimi, kabla sijafikiri, kwa sauti ambayo sikujua kwamba niliichukua, nikashusha kapu na kumjibu:

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa? Kaeni, kaeni, msiinuke. Mmekula?"